Kata Mbili za Maji ya Bomba

Temeke, Dar es Salaam,
Jumamosi, 13 Machi 1954.

Mzazi mwenzangu na rafiki yangu Mwalimu Revelian,

Tumsifu Yesu Kristo. Niwie radhi kwa kunyamaza tangu Noeli. Barua zako mbili ziko hapa mezani, na kila nilipoketi kuzijibu niliona sina la kukuandikia ila manung'uniko. Je, goti la Mama Auleria limepata nafuu? Migomba imestahimili upepo? Sisi tunaendelea. Mjukuu wetu Didas aliugua, lakini tangu juzi anakula na kudai zaidi. Habari zake ndizo zilizonishikisha kalamu.

Hii ni wiki ya nne tunachemsha maji. Katikati ya Februari wachimba mitaro walipasua bomba kubwa, na lilipokwisha kuzibwa likaja tangazo kwamba maji ya kunywa yachemke dakika kumi, kwa tahadhari tu, mpaka tutakapoarifiwa. Bomba la uani kwetu tunalitumia nyumba mbili, mimi na Bwana Awadh mwenye duka. Siku mbili lilitoa maji ya rangi ya chai, kisha yakatakata. Je, ni mazuri au mabaya? Hakuna asemaye. Nimekwenda ofisi ya maji mara tatu. Mara ya kwanza karani aliniambia kwamba maji yamechukuliwa yakapimwe. Mara ya pili aliniambia kwamba aliyeyachukua yuko likizo. Mara ya tatu aliniuliza, kwani Mzee umeugua? Nikamwuliza kama ni lazima niugue kwanza ndipo nipate haki ya kujibiwa. Wenzake walicheka, naye akanionyesha kwa kidole tangazo lile lile ukutani, ambalo nimekwisha kulikariri.

Nyumbani nilifanya niliyoamriwa, na zaidi. Kila asubuhi niliketi karibu na jiko, saa yangu mkononi, na binti yako Avelina hakuthubutu kuipua sufuria na kuyamimina maji mtungini kabla ya dakika ya kumi. Bi Bahiya, mkewe Awadh, alikuwa akiniita Bwana Saa kutoka upande wake wa ua. Alisema kwamba wao wameyanywa maji haya tangu bomba lilipoletwa, na kama wamekwisha kufa, basi bado hawajapewa habari. Avelina alijifunika kanga usoni asionekane akicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia Bi Bahiya kwamba ujinga nao huua.

Jumatano ya wiki iliyopita Didas alianza kuhara, na kufika Ijumaa macho yalikuwa yamezama. Tulimpeleka hospitali. Daktari aliuliza kama maji yetu huchemshwa, nami nikajibu kwa heshima yangu yote kwamba huchemshwa mbele ya macho yangu. Njiani nikajiambia: ikiwa ninayoyaona yanachemshwa, basi kosa liko katika nisiyoyaona. Nikahitimisha kwamba Avelina, nikitoka, humpa mtoto maji ya bomba kwa uvivu.

Sikumwita kando. Nilimkemea uani, mbele ya mumewe Ansbert, mbele ya Awadh na mkewe. Alijibu neno moja tu, kwamba Baba, mtungi ule siugusi nikishaujaza. Nikamwambia asinibishie.

Tangu siku ile Ansbert hasemi na mkewe. Alhamisi alimkatia tiketi ya gari la moshi la Jumatano ijayo, aje kwenu Bukoba "akafundishwe upya". Ni maneno yake, nami niliyasikia nikiwa nimeketi kitini, wala sikuyakataza.

Sasa nikueleze lililonishinda kulieleza hapa nyumbani.

Maji yaliyochemshwa huchelewa kupoa mtungini, nawe unajua tangu tulipokuwa chuoni kwamba sinywi maji ya vuguvugu. Kila adhuhuri, Avelina akiwa anaanua nguo, nilichota kata mbili za maji ya bomba nikazimimina mtungini, kama mtu apozavyo maji ya kuoga. Niliamini kwamba mengi yaliyochemka yatayashinda machache yasiyochemka. Kisha nilikunywa, nikafunika, nikaenda kulala kidogo. Didas alikunywa katika mtungi huo huo.

Jumanne alipita Bwana Afya nyumba kwa nyumba. Avelina alimweleza afanyavyo, naye akamsifu. Kisha akasema kwamba hata kikombe kimoja cha maji ya bomba kikitiwa mtungini, kazi yote imepotea. Akanitazama, nami nikaitikia kwa sauti, kama mwanafunzi aliyelijua jibu.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Tiketi ilikatwa Alhamisi. Hesabu mwenyewe siku nilizonyamaza nikiwa najua. Kama ni maji yale yaliyomwuguza mtoto sijui, wala ofisi haitaniambia. Lakini niliyemshitaki hakutenda, na aliyetenda ni mimi.

Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa, na hata hilo ni woga, kwa maana u mbali. Kesho baada ya Misa nitawakusanya uani wale wale waliosikia nikimkemea, nao Awadh na Bahiya wawepo, nami nitasema kama nilivyoandika. Kisha nitamwuliza Avelina anataka nini: kubaki, kuhamia Kinondoni na mumewe mbali nami, au kuja kwenu. Akichagua kuja, usimrudishe kwa ajili ya mvi zangu. Na kama atasafiri Jumatano, huenda akakufikia kabla ya barua hii. Tafadhali usimwulize amekosa nini.

Mpe Mama Auleria salamu zangu, ingawa najua hatazipokea kwa furaha. Avelina akishaamua nitakuandikia siku hiyo hiyo, uamuzi uwao wowote.

Ndimi mzazi mwenzako,
Kornelio