Kiingereza cha Shambani Kimeniaibisha Japani

Bi Joha mpendwa, shikamoo. Najua una barua nyingi za watu wanaogombea wake na viwanja, lakini naomba yangu uisome leo, maana maji yamenifika shingoni.

Mimi ni nyapara katika shamba moja la mkonge karibu na Kimamba, baba yangu alikuja hapa akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge mpaka mgongo ukapinda, mimi nikasoma kidogo kwa mapadri halafu nikapandishwa, na Kiingereza changu sikukipata darasani, nilikipata kwa bwana injinia wa korona, yaani ile mitambo ya kuchuna mkonge, nilikuwa namfuata nyuma nikisikiliza anavyosema na watu, nikaokota neno moja moja, kam hia, hariapu, muvu, shatapu, yu bladi ful, na mengine ambayo gazeti lako halitayachapa, na kwa kuwa kila akiyasema watu walikimbia, nikaona hiyo ndiyo lugha yenyewe imekamilika, nami nikaanza kuitumia asubuhi kwa wakata mkonge wangu na wao wakakimbia vile vile.

Basi mwaka jana wenye shamba wakamtuma injinia Japani, kwenye kiwanda cha kamba kinachonunua singa zetu, zile nyuzi za mkonge, wakasema achukue na Mwafrika mmoja anayejua Kiingereza, nikachaguliwa mimi, Kimamba nzima ikanisindikiza stesheni. Kumbe tulipofika tu injinia akashikwa na tumbo, akalazwa hospitali, nikabaki peke yangu katika mji ambao Kiingereza hakijulikani, na sisemi hakijulikani vizuri, nasema hakijulikani kabisa, unamwambia mtu gudi moningi anageuka kutazama nyuma yake kama kuna anayeitwa. Nikafanya kama wanavyofanya mabwana wetu mtu asipoelewa, nikarudia lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Sokoni nilinyoosha kidole nikapiga kelele nikaletewa machungwa, stesheni nilipiga kelele mtu akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye behewa langu, nami nikajiambia, Cornel, lugha umeiva.

Nilipangiwa kukaa kwa fundi mkuu wa kiwanda, Mzee Hayashida, mtu wa rika la baba yangu, ambaye zamani alikuwa baharia na, tofauti na watu wa mjini, Kiingereza anakijua, hata mke wa mwanawe ni mwalimu wa Kiingereza, na nyumba yao ni ya adabu sana, viatu unaviacha nje, kitu unapewa kwa mikono miwili na mtu ameinama. Sasa siku ya kwanza mama mwenye nyumba alichelewa kidogo na chai, nikamwambia, “Hariapu, yu!” huku natabasamu, Bi Joha, nakuapia nilikuwa natabasamu, niliamini ndivyo chai inavyoombwa. Mzee akaweka vijiti vyake vya kulia chini. Akainuka mwenyewe akaniletea chai, akainama, na tangu hapo kila nilichotamka alikitimiza yeye, nikisema muvu anasogea, nikisema shatapu ananyamaza, nami nikafurahi nikidhani tumekuwa marafiki.

Siku ya kuondoka yule mwalimu aliniuliza kitu polepole, sikukielewa, nikaitikia yesi, yesi. Kichwani niliyashika maneno yake, nikamtajia injinia melini, alipokwisha kupona, tukirudi. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nilichoulizwa ni hiki: “Kwenu wazee husemeshwa hivi?”

Tangu siku ile sijalala vizuri, na sasa Mzee Hayashida anakuja! Anafika Kilosa kwa treni mwisho wa mwezi huu, kuangalia singa kabla kiwanda chake hakijaagiza nyingine, na ameniomba mimi kwa jina niwe mwenyeji wake, nimtembeze shamba lote, kisha nimpeleke kwa landrova mpaka Mikumi akaone tembo, mimi na yeye tu. Meneja ameniambia mgeni akiridhika nitapewa usimamizi wa korona, Mwafrika wa kwanza, na akinung'unika nitarudi kukata mkonge kama baba. Mke wangu Domina anasema nikamwombe radhi, lakini kwa lugha gani, Kijapani sijui, na Kiingereza changu nimekipekua chote hakina neno la kuomba radhi. Mama anasema nijifanye naumwa nikimbilie Lumuma kwa shangazi Bibiana. Bi Joha, nifuate lipi, au uniandikie Kiingereza kingine, kile kizuri, nikikariri kabla hajafika?

Ni mimi niliyekwama,
Cornel, Kimamba.

*

Cornel, marahaba.

Sikufichi, nimecheka. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini mpaka mpiga chapa akasimamisha mashine yake aje kusikiliza. Tulipofika pale mzee anapoinuka kwenda kuleta chai, kicheko kikatuishia wote.

Lumuma huendi. Mwache shangazi Bibiana na mahindi yake, hajakukosea kitu hata umpelekee homa ya uongo. Na Kiingereza kizuri sikuandikii, kwa sababu utakikariri chote halafu utakitamka kwa sauti ile ile ya korona, na mzee wa watu atatafuta mahali pa kujificha. Ulichookota nyuma ya injinia ni fimbo, bwana, wewe ukadhani ni lugha, ukapanda nayo meli ukaenda kuchapia watu waliokukaribisha. Waingereza wanayo maneno ya kuombana radhi, tena mengi. Nimewasikia mwenyewe, wakigusana mabega tu mlangoni wanaombana radhi mpaka unachoka. Ila maneno hayo wanayaacha klabuni, shambani hawaji nayo. Na huyo injinia aliyekohoa kwa kicheko, mwulize siku moja alikuwa anamcheka nani, maana maneno yote yalikuwa yake.

Nakuonea huruma kidogo. Mtu aliyefundishwa kupika na mpishi mbaya hajui kwamba chakula ni kibovu mpaka aonje cha mwingine. Lakini macho ulikuwa nayo, Cornel! Uliona watu wanakupa vitu kwa mikono miwili. Uliona mzee wa watu ameinama. Hayo hayakuhitaji Kiingereza wala Kijapani, mama yako alikufundisha kabla hujaota meno ya pili, nawe ukayavua mlangoni pamoja na viatu.

Sasa fanya nitakavyokwambia. Stesheni ya Kilosa ufike kabla ya treni, kofia mkononi. Akishuka, usimtupie neno lolote la kizungu. Mwambie shikamoo, na uiname unapoisema. Neno hatalijua ila mgongo wako atauelewa. Mzigo wake ubebe wewe, usimwite hamali. Ukifika nyumbani mketishe, Domina aandae chai, lakini mezani uilete wewe kwa mikono miwili, mbele ya mkeo na mama yako, na usiguse kikombe chako mpaka yeye anywe. Halafu useme neno moja la Kiingereza ninalokukopesha: sori. Liseme taratibu. Akikutazama tu bila kujibu, vumilia, na tafadhali usilirudie kwa kelele. Mikumi usihangaike kumweleza kitu, tembo wanajieleza wenyewe.

Kuhusu cheo, sikuahidi. Unaogopa amekuja kukuchongea, lakini wa kukuchongea angemwandikia meneja akamaliza, asingevuka bahari aje akae nawe kwenye landrova moja mpaka Mikumi. Mimi sijui anataka nini, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba mkwewe alikuuliza swali, nawe ukajibu yesi. Huenda mzee anakuja kuona kama ulisema kweli.

Hapo ndipo ninapokuogopea. Stesheni utajitahidi, mezani utajitahidi, halafu utamtembeza shambani, na huko atawakuta wakata mkonge wako. Katika barua yako umemwita Hayashida Mzee kila ulipomtaja, nami nimependa. Hao wengine kazi yao katika barua yako ni kukimbia. Hakuna mwenye jina, hakuna mwenye umri, na mimi siamini kwamba wote ni vijana. Lazima wamo waliokata mkonge bega kwa bega na baba yako, waliokubeba ulipokuwa hujui kutembea. Kama umeona haya kwa mtu wa mbali uliyemfokea kwa muda mfupi, hawa unaowafokea kila asubuhi umewaonea haya lini?

Kwa hiyo usingoje treni. Kesho alfajiri, kabla hujafungua kinywa kutoa amri, mwendee aliye mzee kuliko wote katika mstari wako, umwamkie, kisha umwulize jina lake. Akikataa kukuitikia, usikasirike, ana haki. Rudi keshokutwa umwamkie tena.

Bi Joha