Aliyezifua Nguo Zangu za Kazi

Timbwani, Likoni

Mama Zuhura, mke wangu,

Assalaam aleikum warahmatullah. Hujambo wewe, na mama yangu hajambo? Mguu wake umepoa, au bado hapaki dawa mpaka abembelezwe? Mimi huku naamka, nakula, naenda kibaruani, alhamdulillahi. Najua utauliza kwa nini nimeandika na simu ninayo. Wewe simu huipokea barazani, ukaifungulia sauti ili mama naye asikie, na nusu ya mji wa Faza ikasikia. Haya nataka uyasome peke yako. Nimempa jirani yetu Omari, anayekuja huko, akutie mkononi.

Wiki iliyopita sisi wafanyakazi wa zamani wa karakana ya meli tuliitwa zahanati, Changamwe, tupimwe vifua. Ni kwa ile kazi ya kubandua mabomba ya moto kwenye meli kuukuu. Ile pamba nyeupe iliyoyafunika, tuliyokuwa tukiikwangua, ndiyo asbesto, na vumbi lake ukilivuta hukaa mapafuni miaka na miaka kabla ya kuonyesha ubaya wake. Hayo twaambiwa leo, tumeshaota mvi.

Nilipigwa picha ya kifua, nikapulizishwa mrija mpaka machozi yakanitoka. Daktari, binti wa bara mwenye adabu zake, akanionyesha picha: ngozi inayozunguka pafu la kulia imefanya ugumu pahali pawili. Si saratani, alisema, lakini nirudi kila mwaka nitazamwe. Niliogopa, sikufichi.

Kisha akaniuliza, "Mzee, hizo nguo za kazi, nani alikuwa anakufulia?"

Chumba kilikuwa kimejaa wanaume. Wajua jina lako sijalitaja mbele ya wanaume wasio jamaa tangu nikuoe. Nikajibu, "Nalikuwa nikizifua mwenyewe."

Kalama, yule mwenzangu wa Kisauni, akacheka nyuma yangu. "Bwana Shee, wewe na ndoo ya nguo mwajuana?"

Daktari hakucheka. Akaweka kalamu chini. "Nauliza kwa sababu vumbi linafuata nguo mpaka nyumbani. Mwenye kuzifua alilivuta pia. Anafaa kupimwa kama wewe."

Nikaivuta karatasi yake. Wallahi nikatia sahihi, nikatoka. Nilikuwa nishasema uongo mbele za watu, nikaona haya kuurudisha.

Kivukoni sikuona watu wala maji. Nilikuona wewe mlangoni kwetu hapa, kabla hujaenda Faza kumtunza mama, ukiikung'uta ovaroli yangu kabla ya kuiloweka, leso yako imegeuka nyeupe, ukinitania kuwa leo tumeletewa unga wa bure. Miaka kumi na sita, Mama Zuhura. Na siku ulizochelewa kuzifua nilikuwa nikinuna. Nisamehe. Halafu nikakumbuka maneno ya binti yetu, kwamba siku hizi ukitoka kisimani watua ndoo mara mbili njiani. Huenda ni umri tu. Huenda si umri.

Asubuhi yake nilirudi. Daktari alikuwa na watu, na Kalama alikuwapo amekuja kuchukua majibu yake. Nikasimama pale pale nikasema, "Jana nilikudanganya. Aliyekuwa akifua ni mke wangu, Mwanakombo binti Athmani." Kalama akainamisha kichwa. Daktari akaandika jina lako, akanipa karatasi utakayokwenda nayo kupimwa.

Basi njoo. Mama mwambie waja kunitazama, na si uongo. Zuhura atabaki naye. Usingoje mpaka uanze kukohoa. Daktari asema mtu hupimwa angali mzima. Kama lipo jambo, tulijue sote wawili. Kama halipo, tutamshukuru Mola, na utarudi Faza na haluwa ya mama.

Mama mbusu mkono kwa niaba yangu. Zuhura mwambie alifanya vyema kunieleza habari ya ndoo, usimgombeze. Na nduguyo Bwana Ali, mwalimu wa chuo cha Kurani, msalimie sana, atuombee dua bila kuuliza sababu.

Ukifika usianze kuniuliza nguo chafu ziko wapi. Nimeshazifua. Hazikutakata vizuri, utaona mwenyewe.

Mumeo,
Shee