Mkono wa Mama Kulwa Unaunguruma

Alhamisi. Upepo wa Julai umeshinda ukipeperusha vumbi hapa Katandala, na mimi nimeshinda nikiuonea wivu mkono wa mwanamke wa watu.

Si mwanamke mwenyewe, mke wangu akisoma aelewe hivyo. Mkono tu. Wa kushoto.

Mama Kulwa anatoka Mtowisa, kule bondeni. Figo zetu zimegoma, kwa hiyo tunasafishwa damu kwa mashine siku zilezile, vitanda vinatazamana. Miezi miwili iliyopita tulipanda basi moja hadi Mbeya. Daktari mmoja akatupasua mikono, akaunganisha mshipa unaotoka moyoni na ule unaorudi, ili unenepe, uweze kuchomwa sindano za mashine. Ukikomaa, ule mrija tuliochomekwa shingoni unatolewa.

Huo mrija umeshaniletea homa mara mbili. Mara ya pili nililazwa, nikaanza kumwonyesha mke wangu hati ya kiwanja ilipo.

Leo sista amepapasa mkono wa Mama Kulwa, akatabasamu. "Umeiva huu. Leo tunauchoma."

Akaja kwangu. Kwanza akahangaika kupandisha mikono ya sweta mbili. Akapapasa. Akasikiliza kwa kipimo, muda mrefu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio yenye betri dhaifu.

"Mwalimu, ule mpira mdogo wa kunenepesha mshipa unaubinya?"

"Kila siku, sista."

Uongo. Niliubinya siku nne. Siku ya tano watoto wa Darasa la Nne waliniona, wakacheka mpaka mmoja akaanguka chini ya dawati. Tangu hapo mpira unakaa kabatini, nyuma ya chaki.

"Wiki tatu," akasema sista. "Ukibaki hivi, unarudi Mbeya wakajaribu mkono wa pili."

Nadhani Mama Kulwa aliuona uso wangu. "Mwalimu, njoo ushike kabla hawajachoma."

Nikashika. Mkono unaunguruma! Chini ya ngozi, kama paka aliyelala jikoni. Akanyoosha shingo kwa maringo. "Nyie watu wa huku juu kwenye baridi kazi yenu kuota moto. Mishipa nayo imejikunyata."

Nikacheka. Wagonjwa wenzangu wote wakacheka.

Halafu, sista alipoinua sindano, niliomba ikose.

Mimi. Katibu wa jumuiya, ninayeongoza rozari kwa sauti nzito. Mama wa watu amenipa mkono wake niushike, na mimi namwombea sindano ikose.

Haikukosa. Damu ikapita kwenye mrija wa mashine, nyekundu, nzuri, na Mama Kulwa akafumba macho. Chozi likamtoka upande mmoja. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba na yeye alikuwa anaogopa.

Baadaye nikamuuliza, kwa sauti ya mtu asiyejali sana, anatumia mpira wa aina gani.

"Mpira? Mwalimu, kidonda kilipopona niliuliza kama naruhusiwa kukamua, wakaniambia haya. Ng'ombe sita, asubuhi na jioni. Nani ana muda wa kubinya mpira?"

Ng'ombe sita. Na mimi nimeshindwa na mpira mmoja kwa kuwaogopa watoto wa miaka kumi.

Kabla ya kuondoka nilimwambia sista ukweli. Hakugomba. Alisema tu, "Nilijua," na hiyo ikauma kuliko kama angegomba.

Sasa nimekaa barazani, mkono nimeuweka sikioni kama simu. Kuna kitu. Kinavuma kwa mbali, lakini kipo. Wivu nao upo, nisijidanganye. Nikikumbuka ule mngurumo natamani tubadilishane mikono.

Kesho nina vipindi vinne Darasa la Nne. Mpira nimeshautia kwenye mfuko wa koti. Nitaubinya mbele yao, kuanzia hesabu mpaka maarifa ya jamii.

Wacheke.