Mama Hataki Kupumzishwa

Nyumbani kwa Mama,
Juu ya duka la dawa,
Jumapili, baada ya chakula.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko? Mgongo umeacha kukusumbua? Wifi na watoto wazima? Sisi wazima, ila mimi nimechoka. Nimechoka mpaka kope, usione mwandiko unalala ukadhani nimekunywa.

Mama anakusalimu. Macho yake ndiyo hayo, presha ya macho haijamwacha. Daktari alituambia wazi kwamba kinachopotea hakirudi, na kilichobaki hakitakaa sana. Mwenye la kumwonyesha amwonyeshe sasa.

Basi kaka akaitisha kikao, ikaamuliwa sote twende naye kutembea, tukaone maporomoko na wanyama. Kazi ya kutafuta kampuni ya utalii nikatupiwa mimi. Eti fundi cherehani ana nafasi! Nguo za wateja zimerundikana hapa, mimi nazunguka maofisini.

Ya kwanza ina kiyoyozi na binti mwenye tabasamu. Nikauliza: ngazi ya gari iko juu, mzee ataweza kupanda? "Hakuna shida." Choo njiani? "Hakuna shida." Mama haoni vizuri, nani atamshika mkono? "Hakuna shida, mama." Nikajua shida ipo, nikaaga.

Ya pili ni ya dereva mstaafu, ana gari dogo moja tu, kalisafisha linang'aa. Huyu aliniuliza yeye: Mama apewe kiti cha upande gani, jicho lipi linaona zaidi? Nikampenda hapo hapo.

Balaa ni kile kikaratasi chake cha matangazo. Kaka, na ualimu wake, akakisoma kwa sauti mezani: "Tuachie sisi tumpumzishe mama yako." Lo! Mama akaweka kijiko chini. "Mnipumzishe? Nimewakosea nini? Si mngemwachia Mungu kazi yake?" Mama mdogo alicheka mpaka akapaliwa na chai. Kaka anaeleza, anaeleza, wapi! Mama akajifungia chumbani.

Nilimfuata. Nikamkuta kakaa kitandani, hasira zimeisha. Akaniambia polepole kwamba maporomoko ni maji tu, na maji ameyachota maisha yake yote. Anayetaka kumwona ni wewe. Amesikia umefuga ndevu, anataka aone kama sasa wewe ni baba yetu mtupu. Nililia, sikufichi.

Kwa hiyo nimeshachagua. Dereva anasema kwako ni mbali, lakini barabara anaijua, tutalala njiani. Tunakuja sote mwisho wa mwezi. Najua nyumba yako ni ndogo, tutajibana hata sakafuni, wifi asihangaike.

Kaka na mama mdogo wanakusalimu sana. Waambie watoto shangazi yao anawaletea nguo, zikiwabana wavumilie. Mungu awalinde, na sisi atufikishe salama.

Ila nakuomba kitu kimoja. Tukifika, usitoke kutupokea gizani. Washa taa zote, kaa karibu yake kabisa, na usikimbilie kuongea. Mwache akuangalie.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa hoi.