Ndoto Nilizozipeleka Küsnacht

Zürich, 9 Novemba

Kaka yangu Gaudenz,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Seraina, nikitumaini mu wazima na theluji ya huko bondeni haijawafungia ndani. Keki ya jozi aliyonitumia wifi ilifika bila kumeguka. Nimeimaliza peke yangu kwa siku tatu, mlafi nisiyekoma. Mwili wangu ni mzima. Mengine utayasoma.

Umeandika kwamba Ijumaa mtapanda treni mje kunisikia nikisoma riwaya yangu. Soma kwanza barua hii, ndipo uamue.

Unajua kwamba miaka minne sasa, kila Jumanne, naenda Küsnacht kwa Bwana Ruckstuhl, mtabibu wa nafsi. Kwake mkono mtupu haulambwi: unakwenda na daftari la ndoto. Wenzangu wanaotibiwa kwake walikuwa na majoka, visima, wazee wenye pembe. Mimi nililala usingizi wa pono na kuamka na daftari jeupe. Bwana Ruckstuhl alinicheka, akasema hata karani wa benki huota, au mwenzetu nafsi yako umeipa likizo? Niliona haya. Nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu kwamba naandika riwaya ya wale mashujaa wa hadithi za kale wanaoshuka kuzimu.

Ndipo barafu ya ziwa ikapasuka, tukampoteza binti yako Ladina. Ukaanza kunipigia simu kila asubuhi kunieleza ulichoota: ngazi chini ya maji, na bibi anayechana nywele huko chini, anayekuuliza jina la mtoto nawe umelisahau. Ulilia. Nilisema pole kaka, pole, endelea. Ulisema katika ukoo mzima ni mimi tu ninayejua kusikiliza. Nilikuwa naandika.

Jumanne nilizipeleka kama zangu. Bwana Ruckstuhl aliacha kucheka. Alisema mtoto huyo ni nafsi yangu iliyopotea, na yule bibi ni Mama wa Kale anayejulikana na mataifa yote, basi niendelee kushuka. Nikaitikia kwa kichwa, mtoto wa ndugu yangu akigeuzwa alama. Kitabu chote ni ndoto zako, Gaudenz. Wahakiki wanasifu jinsi nilivyozama. Aliyezama si mimi.

Laiti ningeishia kwenye wizi. Machi daktari alikuandikia dawa za usingizi, ukaniuliza uzimeze au usizimeze. Nilikwambia usiziguse, zinaziba mlango wa nafsi, vumilia, ndoto ndizo zitakazokuponya. Seraina alisema huo ni upuuzi wa watu walioshiba, nikamwita mshamba. Ukaniamini mimi. Kaka, sikuwaza kupona kwako hata kidogo. Nilikuwa sijapata sura ya mwisho, nikataka ushuke tena. Ulishuka miezi mitano. Agosti, ulipoota umemshika Ladina mkono, nilipata mwisho wangu, na tangu siku hiyo simu zako naziacha zilie mpaka zinyamaze.

Ijumaa ukija kunitukana mbele za watu, una haki, nami sitajitetea. Lakini kabla ya hapo nenda kwa daktari, umwombe dawa zile. Zimeze, kaka. Ulale.

Mwambie Seraina kwamba namsalimu, na kwamba ndiye aliyekuwa na akili.

Mimi mdogo wako,
Ursina