Mkanda Aliouvaa Baba

Kyotera,
Jumapili baada ya kwanjula

Kaka yangu mpendwa Matiya,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo huko Bukoba, na kile kikohozi cha mdogo wao kimekwisha. Sisi tu wazima, na Baba, ambaye kila ukimuulizia kwenye simu nilikuwa nakujibu juu juu, ni mzima kuliko sote. Najua bado unaumia kwamba kazi ilikunyima siku ya kwanjula, wakwe walipokuja kujitambulisha na kumposa mdogo wetu Imakuleti. Kaa chini basi nikupe yote, maana mambo haya hayafai simu.

Baba alipata kisipi, kile mnachokiita huko mkanda wa jeshi. Kilianza kumchoma mgongoni kama pasi, kisha malengelenge yakapanga mstari chini ya mbavu za kulia kuja mbele. Nilimpeleka zahanati. Daktari alisema ni virusi vilevile vya tetekuwanga aliyougua utotoni. Havikuwahi kuondoka, vililala tu kwenye mishipa ya fahamu vikisubiri mwili uchoke. Na tangu tumzike Mama, Baba alikuwa halali wala hali sawasawa. Daktari akampa vidonge, akamshauri pia apime damu, kwa kuwa wakati mwingine kinachoviamsha ni UKIMWI. Baba akanyoosha mkono palepale, nami nimekaa pembeni yake. Hakuwa nao.

Lakini unamjua Ssenga Perepetwa. Shangazi yetu huyo anaamini, kama nusu ya Kyotera, kwamba ncha mbili za kisipi zikikutana mgonjwa hana siku. Daktari alimweleza kuwa kinafuata mshipa wa upande mmoja, ndiyo maana huishia nusu ya mwili. Ssenga akamjibu kwamba yeye amezika watu wengi kuliko daktari alivyotibu. Kila asubuhi alimpaka Baba majani aliyoyaponda, akapima pengo lililobaki kwa kamba ya mgomba. Asubuhi moja akakuta dawa imechuruzika Baba akiwa usingizini, ikakauka, rangi yake nyeusi imemzunguka mwili mzima. Alipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Majirani wakaja mbio na kuni na ndizi za matanga, wakamkuta marehemu anakula muhogo. Baba akawaambia, "Karibuni. Kuni ziacheni hapo, tutapikia kwanjula."

Tulicheka, ila habari ilifika kwa wakwe ikiwa imeshaota meno. Hapa kwetu mtu wa rika la Baba akisikia kisipi anakumbuka makaburi ya UKIMWI. Wakatuma ujumbe wa adabu kwamba wao hawana neno, ila wangefurahi Baba awaambie damu yake ikoje kabla hawajaleta ng'ombe. Imakuleti alilia hadi macho yakavimba. Neno moja la Baba lingemaliza kila kitu, na neno lenyewe lilikuwa zuri! Akakataa. Nilimsihi, Ssenga akampigia magoti. Alisema tu wakija waje, wasipokuja wabaki na ng'ombe wao.

Walikuja. Msemaji wao, mtu wa maneno mengi, akaanza utani kama ilivyo ada, halafu akachomeka swali mle mle: "Ssebo, tumesikia mwenye nyumba amevaa mkanda. Tunauliza tu, anakwenda vitani?"

Watu wakacheka nusu nusu. Imakuleti akainamisha kichwa. Baba hakumngoja msemaji wetu. Alisimama na kanzu yake, polepole maana ubavu ulikuwa bado unamuuma, akasema: "Mkanda nimeuvaa, na umenichoma kwelikweli. Mkitaka kujua kama nina binti mwenye adabu, ulizeni. Mkitaka kujua kama nina chakula, kaeni mle. Damu ya watu wa nyumba hii haiulizwi hadharani. Na siku binti yangu akiugua huko kwenu, sitaki aulizwe hivyo."

Nikajua harusi ndiyo imekwenda. Kisha bibi yake bwana harusi akapaza sauti kutoka mkekani: "Eti mkanda! Mimi wangu niliuvaa mwaka juzi, na wewe msemaji ukawa unakuja kula matooke yangu wala hukuniuliza damu. Kaa chini, mwanangu, umeshajibiwa!"

Watu walicheka hadi vikapu vya zawadi vikapinduka. Msemaji akapiga magoti kuomba radhi, naye anacheka. Jogoo wako, yule ambaye kwa mila bwana harusi humpa kaka wa bibi harusi, alipokewa kwa niaba yako.

Wageni walipoondoka nilimuuliza Baba kwa nini hakusema tu kwamba hana, awafunge midomo. Akaniambia, "Goreti mwanangu, mimi nikisimama mbele za watu nitangaze kuwa ni msafi, mwenye nao humu ndani atakuwa nani? Mchafu?" Akanitazama, nikaelewa kwamba anajua.

Matiya, ninao mimi. Mwaka nilioanza kufundisha nilipata kisipi changu, chini ya titi, nikawaambia nyote nimejimwagia chai ya moto. Ndicho kilichonipeleka kupima. Baba anasema alijua tangu siku ile, kwa sababu chai haimwagiki kwa mstari. Miaka yote hii amekaa na siri yangu bila kunitazama kwa jicho jingine. Usilie, kaka. Kila siku nameza dawa, na katika vipimo vya karibuni virusi havikuonekana kabisa. Nafundisha, nalima, nanenepa. Nilikuficha kwa kuogopa huruma yako. Sasa nimeona baba yetu alivyosimama kwa ajili yangu, harusi ya mwanawe ikiwa mkononi mwake, nami nimechoka kujikunja.

Wasalimie sana watoto, na Mungu awalinde. Barua hii msomee wifi kwa sauti, sitaki ifichwe.

Ni mimi dada yako,
Goreti, binti wa Yozefu Kasujja