Kwa Mama Yetu Jovina, Aliyempigania Lusungu Apate Kibali

Mwaka umetimia, mama, tangu kiharusi kikuchukue hapa nyumbani Bunju. Bado hatujapata nafuu. Baba huzunguka nyumba asubuhi kama mtu aliyepoteza kitu, kisha hukaa.

Ulifanya kazi ya madai ya bima hospitalini. Kila upasuaji una namba yake, nawe ndiye uliyeziandika. Ulitueleza jikoni huku ukimenya ndizi: kuziba tundu la juu la moyo kuna namba yake, la chini kuna yake, na ikikosewa, mgonjwa hubaki benchi.

Kabla hujastaafu alikuja Anna wa Mwananyamala na mwanawe Lusungu, mwenye tundu kati ya vyumba vya chini vya moyo. Bima ilikataa kibali cha upasuaji; kwao ilionekana tundu lilishazibwa. Kumbe hospitali aliyotibiwa mwanzo ilibana tu mshipa wa kwenda mapafuni, damu isizidi huko, ili mtoto akue kwanza. Aliyeandika akaweka namba ya kuziba tundu.

Wenzako walikushauri uandike ugonjwa mwingine, kibali kitoke upesi. Ukakataa. Ulituambia, viatu mkononi, kwamba daktari wa kesho atauamini uongo huo wakati moyo wa mtoto uko mikononi mwake. Ukaanza kwenda na kurudi: kwa daktari aliyebana mshipa, ofisi ya bima, tena kwa daktari. Miguu ikavimba. Vaileth alipokusihi upumzike, ulimjibu, "Mwanangu, mie nachoka nikizunguka mji mzima. Lusungu anachoka akivuka sebule."

Namba ikasahihishwa, kibali kikatoka, tundu likazibwa. Jumapili ile ulilala hata misa ikakupita, nasi hatukukuamsha.

Ulikuwa mpole, mama, na mbishi. Chai yako ilipoa kila siku kwa sababu kuna mtu alikuwa anakuuliza jambo.

Juzi Anna alimleta Lusungu kutusalimia. Alikimbia uani, akaangusha ndoo ya maji, hasikii la mtu. Mama yake akataka kumkamata. Baba akasema, "Mwache akimbie." Kisha akainuka mwenyewe kwenda kuchota maji mengine.

Pumzika, mama. Unakumbukwa na mumeo Audax, wanao Allen na Vaileth, mkweo Stephano, na ndugu zako wote wa Bunju na Bukoba. Hata tukichoka, tutakukumbuka daima.